Tangazo Lisilotaja Hisabati: Ajira kwa Wenye Shahada za Uzamili na Uzamivu

Ni nadra katika Afrika Mashariki kukuta tangazo la kazi linalomtafuta mwanahisabati kwa jina hilo, isipokuwa tangazo la chuo kikuu kinachohitaji mhadhiri, na kwa sababu hiyo mhitimu anayepekua matangazo kwa kufuata jina la fani yake huishia kuamini kwamba kazi hazipo. Kazi zipo, ila zimeandikwa kwa majina mengine: mtakwimu, mchambuzi wa vihatarishi, mtakwimu bima, mchambuzi wa data, mtaalamu wa modeli za magonjwa, afisa utafiti. Daktari na mhandisi huajiriwa kwa cheti, kwa kuwa mwajiri anajua tangu awali mwenye cheti hicho atafanya nini. Mwanahisabati huajiriwa kwa ajili ya tatizo ambalo mwajiri analo tayari, na jukumu la kuonyesha kwamba hisabati aliyoisoma inaligusa tatizo hilo ni la mwombaji mwenyewe. Mwombaji asiyelibeba jukumu hilo hubaki akisubiri mwajiri agundue thamani ya tasnifu ambayo hata kichwa chake hawezi kukisoma.

Njia inayofikiriwa kwanza, na ambayo jamii nzima humtarajia mhitimu aifuate, ni ya kufundisha chuo kikuu, na hapo inafaa hesabu ifanywe bila kuonea aibu matokeo yake. Mhadhiri mmoja anaweza kusimamia watahiniwa kumi wa uzamivu katika maisha yake ya kazi, ilhali kiti anachokiacha anapostaafu ni kimoja. Tofauti kati ya namba hizo mbili huzibwa kwa kiasi fulani na vyuo vipya vinavyofunguliwa, lakini haizibwi yote. Aidha, milango ya vyuo ina vipimo ambavyo mhitimu hawezi kuvirekebisha akiwa amekwisha kuchelewa. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi matangazo ya vyuo vikuu vya umma yamedai kwamba anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi, yaani mwalimu wa chuo mwenye shahada ya uzamili, awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza na usiopungua 4.0 katika uzamili, kiasi kwamba mtu aliyeteleza mwaka wa pili wa shahada ya kwanza huweza kukuta kosa hilo likimfuata muongo mmoja baadaye. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti la kawaida la cheo cha mhadhiri, na mwenye uzamili huanzia ngazi za chini yake. Anayejua kwamba wastani wake hautoshi ana heri kubwa kuliko anayekisia, kwa sababu huyo wa kwanza anaweza kuanza kujiandaa kwa njia nyingine akiwa bado masomoni.

Kati ya kuhitimu na kupata nafasi ya kudumu wengi huingia katika uhadhiri wa muda, yaani kufundisha kwa malipo ya saa bila cheo wala mafao, na kazi hiyo ina faida yake mradi iwekewe mpaka. Humpa mhitimu uzoefu wa kuandika kwenye wasifu na mdhamini wa kumtaja, lakini malipo yake mara nyingi huchelewa, na kozi nne katika vyuo viwili vya mji mmoja hummaliza mtu nguvu zote ambazo angezitumia kuchapisha makala au kujifunza stadi mpya. Kozi moja au mbili kwa mwaka mmoja zinatosha. Zaidi ya hapo, uhadhiri wa muda hugeuka kazi ya kudumu isiyo na hadhi ya kudumu. Shule za sekondari nazo zina kizuizi ambacho wahitimu wengi hukigundua wakiwa wamekwisha kutuma maombi: Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya haimsajili mwenye shahada ya hisabati pekee, hata iwe ya uzamivu, pasipo mafunzo ya ualimu, na Tanzania vilevile huhitaji shahada ya elimu au stashahada ya uzamili ya elimu. Haja ya walimu wa somo hilo ni kubwa, kwani katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania watahiniwa wanaofaulu hisabati wamekuwa kwa miaka mingi hawafiki theluthi moja. Kwa hiyo mhitimu anayependa kufundisha kwa dhati asiione stashahada hiyo kuwa ni kurudi nyuma.

Uwanja ambao umepanuka kuliko mwingine wowote kwa mwanahisabati, na ambao hautangazwi kwa kelele, ni wa benki na watoa mikopo. Sababu yake kubwa ni kanuni ya uhasibu. Tangu tarehe 1 Januari 2018, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kijulikanacho kama IFRS 9 kinazitaka benki zitenge fedha kwa ajili ya hasara tarajiwa ya mikopo, yaani hasara inayokadiriwa kutokea siku za usoni, badala ya kungoja mpaka mkopo ugeuke kuwa chechefu ndipo hasara ihesabiwe. Katika umbo lake sahili makadirio hayo ni zao la vitu vitatu: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, sehemu ya deni itakayopotea ikiwa atashindwa, na kiasi atakachokuwa anadaiwa wakati huo. Mkopo wa shilingi 100,000 wenye uwezekano wa kushindwa wa asilimia 5, ambao asilimia 60 yake haitarudi iwapo mkopaji atashindwa, una hasara tarajiwa ya shilingi 3,000. Kuzidisha huko mtoto wa shule anakuweza. Kinachohitaji mtu aliyesoma sana ni kuipata hiyo asilimia 5, kuitetea mbele ya mkaguzi wa hesabu, na kusema itabadilikaje mvua zikikosekana au bei ya mafuta ikipanda. Hapo ndipo nadharia ya uwezekano, takwimu za uhai, ambazo hupima muda unaopita kabla tukio fulani halijatokea, na minyororo ya Markov, ambayo ni modeli za kitu kinachohama kutoka hali moja hadi nyingine kwa kutegemea hali kilichopo tu, zinapopata mshahara.

Mikopo ya simu imeongeza haja hiyo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa huduma ya kutuma fedha, lakini tangu huduma ya mikopo ya M-Shwari ilipozinduliwa mwaka 2012 uamuzi wa kumkopesha au kumnyima mtu umekuwa ukifanywa na kanuni ya hesabu ndani ya muda mfupi, bila afisa mikopo kumwona mkopaji uso kwa uso. Chombo cha kawaida cha kazi hiyo ni urejeshi wa lojistiki, mbinu inayochukua taarifa kadhaa za mtu na kuzigeuza kuwa namba moja iliyo kati ya sifuri na moja, ambayo husomwa kama uwezekano wa kulipa au kutolipa. Mwanahisabati aliyezoea nadharia nzito huweza kuidharau mbinu hiyo kwa wepesi wake, na hilo ni kosa la kitaaluma na la kimkakati kwa pamoja, kwa sababu benki huithamini kwa kuwa inaelezeka, na msimamizi anayeuliza kwa nini mteja fulani amenyimwa mkopo hataridhika na jibu kwamba mashine ndiyo iliyoamua.

Bima na mifuko ya hifadhi ya jamii ni jirani wa karibu wa benki, ila huko kuna mlinzi mlangoni. Mtakwimu bima, ambaye wengi humwita aktuari, ni mtaalamu anayekadiria gharama za matukio yasiyo na hakika, kama vile kifo, ajali au kuishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na cheo chake kamili hakitolewi na chuo kikuu bali na vyama vya kitaaluma, hasa Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza na Society of Actuaries ya Marekani, kupitia mitihani inayochukua miaka kadhaa. Shahada ya uzamivu haimwondolei mtu mitihani hiyo yote. Hata hivyo, mitihani ya awali, inayohusu uwezekano na hisabati ya fedha, ni myepesi kwa mwenye uzamili wa hisabati kuliko kwa mtahiniwa wa kawaida, na kufaulu mmoja au miwili kabla ya kuomba kazi humwambia mwajiri jambo ambalo tasnifu haiwezi kumwambia, yaani kwamba mwombaji amekusudia kubaki katika fani. Kiwango kipya cha uhasibu wa bima, IFRS 17, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, kimezilazimu kampuni za bima kuzipima upya ahadi zao kwa wateja, na kazi hiyo ni ya watu wenye hesabu.

Watanzania hawahitaji kuelezwa kwa kirefu umuhimu wa kazi hiyo, kwa sababu tangu mwaka 2018 neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, limetoka katika ofisi za mifuko ya pensheni na kuingia vijiweni. Mjadala wa malipo ya mkupuo ya mstaafu, ambao mwezi Julai 2022 ulifikia kiwango cha asilimia 33 ya mafao yake, ulihusu kwa undani wake maswali ya kihisabati: mstaafu anatarajiwa kuishi miaka mingapi baada ya kustaafu, michango itazaa kiasi gani, na mfuko utabaki hai kwa muda gani. Walioweza kuyajibu maswali hayo kwa lugha ambayo mwalimu anayekaribia kustaafu angeielewa walikuwa wachache mno, na mhitimu anayejifunza kufanya hesabu hiyo na papo hapo kuieleza ana bidhaa adimu mkononi.

Afya ya jamii ina historia ndefu zaidi na hisabati kuliko inavyodhaniwa. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayesambaza malaria, alitumia miaka iliyofuata kuandika milinganyo ya kuenea kwa ugonjwa huo, na kwa milinganyo hiyo akaonyesha kwamba si lazima kuua kila mbu, bali inatosha kuishusha idadi yao chini ya kizingiti fulani ili ugonjwa ufifie wenyewe. Modeli za aina hiyo, ambazo hufuatilia jinsi idadi ya wagonjwa na waliopona inavyobadilika kadiri muda unavyopita, ndizo mada ya tasnifu nyingi za hisabati tumizi katika vyuo vya kanda hii, na taasisi kama Ifakara nchini Tanzania na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome mjini Kilifi huajiri watu wanaozijua. Lakini upo umbali kati ya tasnifu na kazi yenyewe. Tasnifu nyingi huthibitisha kwamba mfumo wa milinganyo una nukta tulivu, yaani hali ambayo mfumo ukifika hautaondoka, kisha huishia hapo, ilhali taasisi inauliza vyandarua vipelekwe wilaya ipi kwanza. Mwanafunzi ambaye bado hajamaliza tasnifu afanye kila awezalo kupata data halisi na mwandishi mwenza anayetoka upande wa tiba au wadudu, kwa kuwa makala moja iliyoandikwa na watu wa fani mbili humfungulia milango ambayo makala tatu za nadharia tupu hazimfungulii.

Nje ya nyanja hizo zipo nyingine zinazostahili kutajwa kwa kupita tu: utabiri wa hali ya hewa, ambao kiini chake ni kutatua kwa kompyuta milinganyo ya mwendo wa hewa, jotoardhi ya Olkaria nchini Kenya, ambako hali ya mwamba ulio chini hukisiwa kutokana na vipimo vya juu, ofisi za takwimu za taifa, ambazo hazina kazi ya sensa pekee, ingawa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ni ukumbusho mzuri wa ukubwa wa kazi hiyo, na uchukuzi, kuanzia ratiba za treni hadi upangaji wa makontena bandarini.

Mhitimu wa hisabati halisi, yaani ile isiyoanzia katika matumizi, kama aljebra au topolojia, atauliza yeye ana nafasi gani katika haya yote. Jibu la haki ni kwamba ana kazi ya ziada ya miezi sita hadi mwaka, na kwamba kazi hiyo inawezekana. Anahitaji kozi kamili ya uwezekano na takwimu ikiwa aliikwepa, lugha moja ya programu kati ya Python na R, ambazo zote mbili hupatikana bure, na SQL, ambayo ni lugha ya kuiulizia hifadhidata maswali na ambayo waajiri huihitaji kuliko wahadhiri wanavyodhani. Kujifunza kwa kutazama video hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kazi moja iliyokamilika, inayoweza kufunguliwa na mtu mwingine na kuendeshwa kwenye kompyuta yake: kwa mfano, makadirio ya idadi ya watoto wa umri wa kuanza shule katika mkoa mmoja kwa miaka kumi ijayo, yaliyotokana na majedwali ya sensa yaliyo wazi kwa umma, yenye maelezo ya kurasa mbili na yanayokiri udhaifu wake. Mashindano ya data kwenye Zindi, jukwaa la Kiafrika lililoanza mwaka 2018, husaidia kupata mazoezi, lakini kazi aliyoibuni mwombaji mwenyewe huonyesha jambo ambalo mashindano hayalionyeshi, nalo ni uwezo wa kulitambua swali lenye thamani.

Sehemu ngumu kuliko zote, na ambayo vyuo havifundishi, ni kuitafsiri tasnifu kwa msomaji asiye mwanahisabati. Ichukuliwe tasnifu ya nadharia ya foleni, tawi lililoanzishwa na Agner Krarup Erlang wa Denmark mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu zinazopigwa kupitia kituo kimoja. Kichwa cha tasnifu huenda kikazungumzia uthabiti wa mifumo yenye wahudumu wengi na muda wa huduma usiofuata mgawanyo wa kawaida, na meneja wa benki akikisoma ataigeuza karatasi upande wa pili. Tasnifu hiyohiyo inaweza kuelezwa kwa sentensi tatu: kwamba foleni hurefuka ghafla, na si polepole, wahudumu wanapokaribia kushikwa na kazi muda wote, kwamba kuongeza dirisha moja siku za mishahara kunaweza kupunguza muda wa kusubiri kuliko mtu anavyokisia, na kwamba mwandishi ametengeneza njia ya kukadiria dirisha hilo litahitajika lini. Hakuna uongo uliosemwa wala kurahisisha kulikopotosha. Sentensi tatu za namna hiyo ziwekwe juu kabisa ya wasifu, mahali ambapo wahitimu wengi huweka maneno matupu juu ya bidii na moyo wa kujituma.

Wasifu wenyewe uwe wa aina mbili. Ule wa vyuo na taasisi za utafiti huorodhesha machapisho yote, kozi zilizofundishwa na makongamano, na urefu wake haumkeri mtu. Ule wa benki, bima na kampuni usizidi kurasa mbili, na machapisho yapewe mstari mmoja. Katika utumishi wa umma wa Tanzania maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira, na hapo utaratibu unashinda umahiri: aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuwa na uthibitisho wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba shahada yake inatambuliwa, na kwa kuwa uthibitisho huo hautolewi kwa siku moja, mwenye busara huuomba mara anaporudi, si siku tangazo linapotoka. Matangazo mengi huweka ukomo wa umri wa miaka 45, jambo linalomhusu moja kwa moja mtu aliyeanza uzamivu akiwa na miaka 38. Usaili huanza kwa mtihani wa mchujo wa kuandika, na mtihani huo hauulizi habari za tasnifu. Huuliza mambo ya shahada ya kwanza, na wenye uzamivu huanguka kwa sababu hawajagusa usampulishaji, yaani kanuni za kuchagua wachache wanaowakilisha wengi, kwa miaka minane.

Kwa anayetaka kuendelea na utafiti, nafasi za mafunzo na utafiti wa muda katika kanda zimeongezeka kuliko ilivyokuwa zamani: Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, kituo cha AIMS, yaani Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, mjini Kigali, na taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima (Pan African University) iliyopo katika chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya. Nje ya bara, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, cha Trieste nchini Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kimekuwa daraja la wanahisabati wengi wa Kiafrika. Mwenye lengo la Marekani ajue kwamba nafasi za vyuo huko hutangazwa zaidi kati ya Septemba na Desemba kwa ajili ya mwaka wa masomo unaoanza Agosti inayofuata, na kwamba tovuti ya MathJobs hukusanya sehemu kubwa ya matangazo hayo. Anayeanza kutafuta mwezi Machi ameshachelewa kwa mwaka mzima. Wadhamini waandikiwe miezi miwili kabla, na wapewe nakala ya wasifu na maelezo ya kazi inayoombwa, kwani barua ya mdhamini asiyejua kinachoombwa huwa na sifa nyingi na habari chache.

Hubaki swali linalowatesa wenye uzamivu wanaoomba kazi za ngazi ya shahada ya kwanza, kama vile mtakwimu daraja la pili au mchambuzi mdogo katika benki: je, shahada ya juu ifichwe? Wapo wanaoshauri hivyo, na sababu yao inaeleweka, kwa kuwa mwajiri akiona uzamivu huhofia kwamba mwombaji atadai mshahara mkubwa au ataondoka baada ya miezi sita. Lakini miaka minne iliyotoweka kwenye wasifu huzua maswali mabaya zaidi kuliko yale yaliyokwepwa, na wasailiwa wanaotegemea kumbukumbu ya walichokificha hujikwaa mapema. Ni afadhali hofu hiyo ijibiwe kabla haijatajwa, kwa sentensi moja katika barua ya maombi inayoeleza kwa nini ngazi hiyo inamfaa mwombaji kwa sasa: kwamba kwa mfano amefanya utafiti wa uwezekano kwa miaka minne, hajawahi kushika mikopo halisi, na anakusudia kuijifunza kazi ya vihatarishi kuanzia chini kwa muda usiopungua miaka miwili. Sentensi hiyo iandikwe tu na mtu anayeimaanisha, kwa sababu katika usaili ndiyo itakayoulizwa kwanza.